Upimaji wa Nyonga ya Mbwa kwa Ajili ya Kiungo Bandia

Upimaji wa nyonga ya mbwa ni kazi ya daktari wa mifugo ya kuyakadiria, kabla ya kushika kisu, maumbile ya kikombe cha nyonga pamoja na kichwa, shingo na mfereji wa uboho wa fupa la paja, ili atambue ni kiungo bandia cha kadiri gani kitakachomfaa mnyama ambaye kiungo chake cha asili kimeharibika. Aghalabu kisababishi ni displasia, maradhi ya kurithi yailegezayo nyonga tangu udogoni, ambayo Gerry Schnelle wa Marekani aliyaeleza kwa mbwa mwaka 1935, na ambayo huwaandama zaidi mbwa wenye miili mikubwa.

Vipimo vya kuyatambua maradhi si vipimo vya kupangia upasuaji, ingawa wengi huvichanganya. Pembe ya Norberg, iliyotokea Sweden na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa njema ifikapo nyuzi 105, huonyesha jinsi kichwa cha paja kilivyokaa ndani ya kikombe chake. Na kipimo cha ulegevu alichokibuni Gail Smith wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania hubashiri, kikiwa 0.30 au chini yake, kwamba mbwa huyo ni nadra kupatwa na baridi yabisi ya nyonga. Lakini mpasuaji anayetaka kujua achague chuma cha ukubwa gani hapati jawabu kwa kimojawapo cha hivyo viwili.

Jawabu hulipata katika picha ya eksirei, nayo picha ina hila zake. Kwa kuwa mfupa huwa mbali kidogo na bamba, kivuli chake hukua: mfereji wenye upana wa milimita 10, ukikuzwa kwa asilimia 10, utasomeka milimita 11, na tofauti hiyo yatosha kumfanya mtu achague shina la kiungo bandia lisiloingia mferejini. Ndiyo maana tufe la chuma lenye kipenyo kijulikanacho huwekwa kando ya paja, kwa kimo kile kile cha mfupa, ili ukuzaji uhesabiwe. Hila ya pili ni ngumu zaidi, maana mbwa mwenye maumivu, hata akilazwa kwa dawa, huenda nyonga yake isinyooke sawasawa, na paja lililopinda huonekana fupi kuliko lilivyo. Pia mguu ukigeuka nje, pembe ya shingo hupotoka. Tomografia ya kompyuta huondoa sehemu kubwa ya shaka hizo.

Kipimo chenye uzito kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni uwiano wa upana wa mfereji penye kinundu kidogo cha paja na upana wake mahali palipo pembamba kabisa. Uwiano ukiwa chini ya 1.8, mfereji umenyooka kama bomba, hali ionekanayo mara kwa mara kwa mbwa wa aina ya German Shepherd, na shina lisilotiwa saruji, ambalo hutegemea kubana mpaka mfupa uote na kulishika, laweza kuzama au kulipasua paja. Madhali ni hivyo, wapasuaji wengi humchagulia mbwa wa namna hiyo shina la kutiwa saruji ya mifupa.

Hata baada ya hesabu zote hizo, ukubwa wa mwisho huthibitishwa mezani, mfereji ukisha kukwanguliwa. Kwa sababu hiyo viungo vya namba ya juu na ya chini ya ile iliyokadiriwa ni lazima viwepo chumbani tangu mwanzo.