Darasa la Usimamizi wa Bidhaa Lilianzia Thika, Likafika Bukura

Wasee, tangu nianze kujifunza usimamizi wa bidhaa, kila video ninayofungua inanipeleka California. Mimi niko Kakamega. Kwa hivyo nimeamua kusoma kupitia M-Pesa, lakini si ile stori ya matangazo.

Kazi yenyewe ni ya kitambo. Mei 1931, jamaa wa Procter & Gamble anaitwa Neil McElroy alikuwa akihangaika kuuza sabuni ya Camay wakati kampuni ilijali zaidi sabuni yake nyingine, Ivory. Akaandika barua ya kurasa 3: kila bidhaa ipewe mtu wake, ajue inauzika wapi, imekwama wapi na kwa nini. Basi, hiyo ndiyo kazi.

Sasa rudi Kenya. Mwaka 2005 Vodafone ilimleta Susie Lonie Nairobi kusimamia wazo la mwenzake Nick Hughes. Serikali ya Uingereza ilichangia pesa. Na hawakuwa wamepanga watu watumiane pesa! Walitaka wateja wa Faulu, waliokopa kupitia vikundi, walipe mikopo yao kwa simu. Oktoba majaribio yakaanza katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, na wateja wasiofika 500.

Faulu ilipata shida kuoanisha malipo ya simu na vitabu vya vikundi. Wateja nao walikuwa na mambo yao. Mwingine anamlipia mwenzake mkopo. Wafanyabiashara wanalipana. Wengine wanaweka mauzo ya siku kwa simu yalale salama, kwa sababu benki zimeshafunga. Kuna waliokuwa wakiweka pesa mji mmoja, wanasafiri mikono mitupu, wanatoa mji wa pili. Wengine wanawatumia jamaa zao wa mashambani kredo.

Meneja mwingine angesema hawa watu wanatumia vibaya, awaongezee maelekezo. Hii timu iliacha mambo ya mkopo. Machi 2007 Safaricom ikazindua kitu unachoweza kumweleza shosho kwa pumzi moja: tuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya laini, kwa hivyo hata mulika mwizi iliweza. Kwangu mimi, kuacha lile wazo la kwanza ndiyo sehemu ngumu zaidi, maana lilikuwa limeshalipiwa.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa wapi? Mtafiti Olga Morawczynski alizifuata pesa kutoka Kibera hadi Bukura, hapa hapa kaunti yetu, kule kwa chuo cha kilimo. Ripoti aliyoandika na Mark Pickens mwaka 2009 ilisema kipato cha familia za kijijini zilizotumia M-Pesa kilipanda kwa asilimia 5 hadi 30. Pesa zilikuja kidogo kidogo, lakini mara nyingi zaidi.

Ila waume nao walianza kuja nyumbani mara chache, kwa sababu hakuna tena haja ya kusafiri kuleta pesa. Wake wakaingiwa na hofu kwamba mzee amepata mwingine huko Nairobi.

Hiyo sijaiona kwa kozi yoyote. Miamala inapanda, grafu inapendeza, na Bukura kuna mama anahesabu miezi. Kwa yule msimamizi, huyo mama anaandikwa safu gani?

Kama kwenu Malava, Mumias au Lurambi mnakumbuka pesa ilivyofika kabla ya 2007, niambieni. Nataka hasa stori za waliobaki nyumbani.