Vimeng'enya vya Kinywani na Umri wa Gundi ya Meno

Gundi ya meno imezoeleka kupimwa kwa nguvu ya mshikamano saa 24 baada ya kugandishwa. Makala hii inadai kwamba kipimo hicho hakitoshi kutabiri umri wa kizibo kinachoshikizwa nayo, kwa kuwa hakihusishi vimeng'enya ambavyo gundi itakabiliana navyo kwa miaka.

Gundi nyingi za leo ni resini zinazotengenezwa kwa methakrilati, zikiwemo Bis-GMA na TEGDMA, ambazo molekuli zake zina vifungo vya esta. Esterasi, vimeng'enya vilivyomo kwenye mate, hukata vifungo hivyohivyo. Bis-GMA ikikatwa huachia BisHPPP na asidi ya methakriliki. Resini hudhoofika, na ukingo wa kizibo hupitisha maji na bakteria. Baadhi ya bakteria hao, akiwemo Streptococcus mutans anayeozesha meno, wana esterasi zao pia.

Hatari nyingine imo ndani ya jino lenyewe. Asidi inayotumika kuandaa dentini, yaani tishu ngumu iliyo chini ya enameli, huondoa madini na kuacha nyuzi za kolajeni wazi. Resini isipopenya hadi mwisho wa eneo hilo, nyuzi zilizobaki bila kufunikwa huliwa na vimeng'enya vya dentini viitwavyo metaloproteinasi, kama MMP-2 na MMP-9. Mwaka 2004 Pashley na wenzake walihifadhi vipande vya dentini iliyoondolewa madini kwa siku 250, bila bakteria kuhusika. Katika mate bandia kolajeni iliharibika karibu yote. Katika mate yenye vizuizi vya vimeng'enya, na katika mafuta ya madini, ilisalimika.

Huenda ikapingwa kwamba maji peke yake huvunja esta, na kwamba kusalimika kwa kolajeni katika mafuta kunaonyesha kuwa chanzo cha uharibifu ni maji, si vimeng'enya. Ni kweli maji huvunja esta, ila polepole. Kuhusu kolajeni, vipande vilivyowekewa vizuizi vilikuwa majini vilevile, wala havikuharibika. Maji na vimeng'enya, basi, si washindani: kimeng'enya hutumia maji kukata, na mafuta hukinyima nyenzo hiyo.

Klorheksidini ya asilimia 2 huzuia metaloproteinasi, lakini haifungamani kwa nguvu na resini, hivyo huweza kuvuja taratibu, na haibadilishi vifungo vya esta. Kutenga jino kwa mpira ili mate yasilifikie nako hulinda wakati wa kuziba tu. Tiba ya upande mmoja haiwezi kumaliza tatizo lenye pande mbili.

Suala hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza amalgamu yenye zebaki, na resini ni mojawapo ya mibadala yake mikuu. Utafiti unaodai gundi fulani inadumu uonyeshe matokeo baada ya kuikalisha katika esterasi, na uchunguze pia hali ya kolajeni iliyo chini yake. Bila hayo, takwimu za saa 24 zisichukuliwe kuwa ushahidi wa uimara.