Vitunda vya sataranji: zaidi ya miaka elfu moja ya kujifunza kuusoma ubao

Kamina ni mji wa reli. Hapa njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikielekea Ilebo, nyingine Kalemie. Lakini nchi ya Waluba inayouzunguka ina urithi mkongwe kuliko reli: lukasa, kibao cha mti kinachoshikwa mkononi, kilichopambwa kwa shanga na simbi. Wajuzi wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya shanga hizo wakasimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Asiyefundwa aliona pambo tu. Mjuzi aliona mpangilio, na ndani ya mpangilio akaona historia.

Mchezaji hodari wa sataranji husoma ubao wake kwa namna hiyohiyo, na anachokisoma kwanza si malkia wala farasi. Ni vitunda, wale askari wanane wadogo wa mstari wa mbele. Kete nyingine zote zaweza kurudi zilikotoka, kitunda hakirudi. Kila kikisogea kinaacha alama ya kudumu, na alama hizo zikijumlishwa ndizo zinazoonyesha mchezo umetoka wapi na unaelekea wapi. Binadamu walihitaji zaidi ya miaka elfu moja kulielewa vizuri jambo hili.

Baghdad ya makhalifa

Mchezo ulianzia India, ukapita Uajemi, ukawafikia Waarabu. Huko Baghdad, katika karne ya 9 na ya 10, mabingwa waliuandikia vitabu: kwanza al-Adli, kisha Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda bingwa wa kasri mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia 902 hadi 908. Enzi hizo kitunda kilisogea mraba mmoja tu hata mwanzoni, na kilichofika mwisho wa ubao kilipewa cheo cha waziri, kete dhaifu iliyokwenda mraba mmoja kwa mshazari. Majeshi yalichelewa kukutana. Ndiyo maana mabingwa walikariri mipangilio ya kuanzia, kila mmoja na jina lake. Tayari walijua kwamba jinsi askari wanavyopangwa huamua vita itakayofuata.

Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, malkia na askofu walipewa mbio ndefu. Mchezo ukawaka moto. Macho yakahamia kwa kete kubwa, na vitunda vikatolewa sadaka ili shambulio lipate njia.

Mwanamuziki aliyevitetea

Aliyeurudisha ubao kwa askari wake wadogo alikuwa mtunzi wa opera, Mfaransa François-André Danican Philidor. Mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 22, alichapisha London kitabu cha kuuchambua mchezo. Alifundisha kwamba uhai wa mchezo umo katika vitunda, kwamba visogee vikilindana, na kwamba ni kosa kuviziba njia kwa kete kubwa.

Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1886, aliliendeleza somo hilo. Ujasiri peke yake hauleti ushindi, alionyesha; shambulio hufaulu pale adui anapokuwa na udhaifu. Na udhaifu wa kudumu mara nyingi umo katika vitunda: kilicho peke yake bila jirani, viwili vilivyobanana safu moja, au kilichoachwa nyuma na wenzake.

Kisha ukazuka ubishi mkubwa. Mjerumani Siegbert Tarrasch alikipenda kitunda pekee cha katikati, kwa kuwa humpa mwenyewe nafasi na njia za wazi. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, alijibu: kizuie. Weka farasi mbele yake. Kwa kuwa hakina jirani, hakuna kitunda cha kumfukuza farasi huyo. Wachezaji wa leo huwasikiliza wote wawili: kete zikiwa nyingi, kitunda hicho ni nguvu, zikipungua, hugeuka mzigo.

Katika kitabu chake cha 1925, Nimzowitsch alifundisha pia kwamba mnyororo wa vitunda, yaani vitunda vinavyolindana kwa mshazari, hupigwa kwenye shina, kile cha nyuma kabisa. Chukua ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kifaransa: mweupe akiwa na vitunda kwenye miraba d4 na e5, mweusi akiwa na d5 na e6, mweusi husogeza kitunda chake hadi c5 ili kuipiga d4. Shina likitikisika, e5 hukosa tegemeo.

Mwaka 1956 Hans Kmoch alitoa kwa Kijerumani kitabu kizima kuhusu vitunda, na mwaka 1976 Mmarekani Andrew Soltis akaipanga michezo kwa maumbo ya vitunda. Tangu hapo mchezaji aliweza kujifunza umbo moja na kuujua mpango wake, hata kama limefikiwa kwa njia tofauti.

Somo la bei nafuu

Sataranji ya juu haiko mbali nasi. Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga na Zambia, ndiye aliyekuwa grandmasta wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara, akipewa cheo hicho mwaka 2009.

Kijana wa Kamina mwenye ubao anaweza kuanza bila kompyuta. Katikati ya mchezo, aondoe kete zote abakize wafalme na vitunda. Ajiulize: kipi hakina mlinzi? Shina la mnyororo liko wapi? Kipi kina njia wazi mpaka mwisho? Akishapata majibu, azirudishe kete mahali pake, sasa akijua kila moja ina kazi gani.