HADITHI ZA NESI, SEHEMU YA 6: Bibi wa Kilimani na Ugonjwa Ambao Watoto Wetu Hawaujui

Mama zangu, na nyie baba zetu mnaosoma kimyakimya bila kusema neno. Mtoto ameshalala? Kama bado, mpakate, mnyonyeshe, twende taratibu. Ya leo ni ndefu kidogo.

Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba tutaongea kuhusu ndui. Ila nitaanzia mbali, Nepal, halafu tutarudi nyumbani. Nivumilieni.

Wengi mnajua nilifanya kazi Muscat miaka kadhaa kabla sijarudi. Wodi yetu ilikuwa na manesi wa kila taifa, na mmoja, Mnepali, tulishibana sana. Aliniita "didi", kwao ni dada mkubwa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alirudi kwao Kathmandu, na mimi nilipopata likizo nikamfuata kumwona mzazi. Siku ya pili akaniambia, "Didi, kesho nampeleka mwanangu kwa Ajima, twende wote." Ajima kwa lugha ya Wanewari, wenyeji wa bonde lile, ni bibi. Nikajua tunakwenda kwa bibi yake mzaa mama, nikatafuta na kazawadi kabisa. Kumbe Bibi mwenyewe anakaa kilimani!

Kile kilima kinaitwa Swayambhunath, kiko upande wa magharibi wa jiji. Ni moja ya mahali patakatifu zaidi kwa Wabuddha wa Nepal, na Wahindu pia wanapaheshimu na kwenda kusali. Upande wa mashariki kuna ngazi za mawe zinazopanda moja kwa moja, watu husema ziko 365. Mimi nilihesabu hadi 80, pumzi ikakata, nikaacha. Mwenzangu na uzazi wake mbichi alikuwa mbele yangu, mtoto kifuani, anapanda tu. Pembeni wamejaa tumbili, tena wezi hasa. Ukishika ndizi, sio yako.

Juu kabisa kuna kuba kubwa jeupe, na juu ya kuba mnara wa rangi ya dhahabu uliochorwa macho ya Buddha pande zote nne. Popote utakaposimama unatazamwa. Palipotakiwa kuwa pua kuna alama kama mkia uliojikunja. Niliambiwa ni tarakimu ya moja ya Kinepali, ishara ya umoja. Watu wanalizunguka kuba wakiliacha upande wao wa kulia, wanazungusha magurudumu ya sala kwa mkono. Ukigeuka nyuma unaliona jiji zima liko chini kwenye bonde, kama vile limemwagwa ndani ya bakuli.

Wenyewe wanasimulia kwamba zamani bonde lile lilikuwa ziwa, na katikati liliota yungiyungi lenye nuru. Jina Swayambhu maana yake ni kilichojitokeza chenyewe. Akaja Manjushri, akaukata mlima kwa upanga, maji yakatoka, watu wakapata pa kuishi. Hiyo ni simulizi. Kwenye historia iliyoandikwa tunajua kwamba karibu mwaka 1349 jeshi la Sultani wa Bengal, Shamsuddin Ilyas, lilivamia bonde na kuliharibu kuba, na watu wakalijenga tena. Karne ya 17 mfalme Pratap Malla akaweka ngazi zile zilizonitoa jasho.

Sasa Bibi yuko wapi? Pale pale juu, ukilipita kuba, kuna hekalu dogo lenye paa la dhahabu. Sikujua kama nimefika mahali penyewe mpaka nilipoiona foleni. Mama zangu, ile foleni ningeitambua hata nikifumba macho. Wanawake wana watoto mgongoni, wengine wanalia, wengine wananyonya, bibi mmoja anambembeleza mjukuu, mmoja anatafuta kitambaa kwenye mkoba. Ni kliniki ya Jumatatu asubuhi kabisa! Tofauti ni kwamba mikononi hawakushika kadi, walishika sahani za mchele, maua, unga mwekundu na taa za mafuta.

Najua kuna mtu ataniuliza, "Nesi, kwa hiyo na wewe ulisali?" Hapana. Nilikuwa mgeni, nilisimama pembeni kwa adabu, nikauliza maswali. Na nilichojibiwa ndicho ninachotaka kukusimulia.

Jina la huyo Bibi kwenye vitabu vya Kibuddha ni Harati, wengine humwita Hariti. Mwanzo hakuwa mwema hata kidogo. Alikuwa zimwi, mama wa watoto mamia, wengine husema 500, na kazi yake ilikuwa kuiba watoto wa watu na kuwala. Mama waliofiwa wakaenda kulia kwa Buddha. Buddha hakumpiga wala hakumlaani. Alimchukua mtoto wake mdogo kabisa, kipenzi chake, akamficha chini ya bakuli lake la kuombea chakula. Harati akamtafuta mtoto kila mahali, akilia kama mwendawazimu, mwisho akafika kwa Buddha kuomba msaada. Buddha akamuuliza: wewe una watoto 500, umepotelewa na mmoja tu uko hivi. Je, yule mwenye mmoja ukamla huyo huyo? Harati akaelewa. Akarudishiwa mwanawe, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo atakuwa mlinzi wa watoto na wa mama wanaojifungua.

Pale Kathmandu kulinda watoto kulikuwa na maana moja hasa, kuwalinda na ndui. Wahindu wa kule humhesabu kuwa ni sawa na Shitala, mungu wao wa kike wa ndui.

Wewe unayesoma hapa, kama umezaliwa baada ya 1980, hujawahi kumwona mgonjwa wa ndui, na mimi pia sijawahi. Tuliisoma darasani tu. Inaanza na homa kali, mgongo unauma, kichwa kinapasuka. Kisha upele unatoka usoni na mikononi, unageuka malengelenge magumu yaliyojaa usaha, mpaka mdomoni na kooni. Kwa aina ile kali, katika kila wagonjwa 10, karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu ya mashimo usoni, na wengine walipofuka. Dawa ya kuponya haikuwepo. Kwetu, karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikuwa inaibeba ndui pamoja na mizigo, na ilipopita iliacha makaburi.

Na ndui haikuchagua nyumba. Nepal walikuwa na mfalme Girvan Yuddha. Aliwekwa kwenye kiti cha ufalme mwaka 1799 akiwa hajafikisha hata miaka miwili. Alikuwa na walinzi, waganga na makuhani, kila kitu. Mwaka 1816 ndui ikamuua akiwa na miaka 19. Angalia hiyo tarehe vizuri. Miaka 20 kabla, Mei 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alikuwa ameshamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps, kwa kutumia ugonjwa mwepesi wa ng'ombe, na mtoto yule hakupata ndui. Yaani kinga ilikuwa imeshapatikana duniani. Lakini kupatikana ni jambo moja, kumfikia mtoto ni jambo lingine. Kama mfalme haikumfikia, mtoto wa mkulima wa milimani je?

Basi wale mama walifanya nini? Walipanda zile ngazi. Mtoto akiugua walipanda kuomba, akipona walipanda kushukuru, akifa walibaki na uchungu wao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatumia kila kilichokuwepo.

Hapa sasa naomba niseme jambo langu ambalo sijawahi kulisema humu.

Miaka ya mwanzo ya kazi, kabla ya Muscat, alikuja mama kijana kliniki. Mtoto alikuwa amechelewa chanjo ya surua, na shingoni amefungwa hirizi. Nilikuwa nimechoka, foleni ndefu. Nilimkaripia mbele za watu. Nikamwambia, "Hilo ndilo linalokuponyea mtoto? Si ungebaki nalo huko huko!" Watu wakacheka. Yule mama akainama, akamfunga mtoto wake vizuri mgongoni, akatoka. Chanjo hatukumpa. Baada ya wiki kadhaa nilimwona wodini. Mtoto ana surua, imeshuka kwenye mapafu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini jicho moja lilibaki na ukungu mweupe. Mama hakunilaumu. Alinisalimia, "Shikamoo nesi," na ile shikamoo ninaisikia mpaka leo.

Nimesimama pale kwenye foleni ya Harati, yule mama ndiye aliyenijia akilini. Mtoto alikuja kliniki akiwa na hirizi, ndiyo. Lakini ALIKUJA. Alikuwa ametoka nyumbani kutafuta kinga kila mahali inapotafutwa, na mimi nikamfungia mlango mmoja uliokuwa na kinga yenyewe.

Mwenzangu alipomaliza, nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto chanjo zake ziko sawa?" Akanicheka. Akafungua mkoba, kadi ya chanjo ilikuwa pale pale pamoja na maua yaliyobaki. "Didi," akasema, "Ajima ni bibi. Bibi gani anakataa mjukuu asipelekwe kliniki?"

Kuna wakati haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni kubwa ya kuimaliza ndui, huko India na Nepal walikuwepo waliosema sindano itamkasirisha mungu wa kike. Wachanjaji walitembea kwa miguu milimani, kijiji hadi kijiji, na sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma. Mbinu kubwa ilikuwa hii: ukisikia mgonjwa mmoja, mfuate, mtenge, halafu chanja kila mtu aliye karibu naye, ili ugonjwa ukose pa kwenda. Mwaka 1975 Nepal ikapata mgonjwa wake wa mwisho. Hekalu la Bibi likabaki, foleni ikabaki, ndui ikaondoka.

Na unajua mnyororo wa ndui ulikatikia wapi duniani? Kwenye pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Ni Marka, kusini mwa Somalia, mji jirani na Barawa ambako watu husema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Oktoba 1977, kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari kuwaonyesha njia watoto wawili wagonjwa waliokuwa wanapelekwa kambi ya kutengwa. Safari ya dakika chache tu. Ali hakuwa na kinga kwa sababu aliogopa sindano. Anafanya kazi hospitali, anaogopa sindano! Mmoja wa wale watoto, msichana wa miaka 6, alifariki. Ali naye akaugua. Zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa kumzunguka mtu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye. Alipona. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba imekwisha.

Ali hakujificha kwa aibu. Miaka ya baadaye alizunguka Somalia kwenye kampeni za polio, akiwaambia wazazi wasifanye kosa lake. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye lile swali la Buddha. Una 500, unamlilia mmoja. Mwenye mmoja je? Mimi nikifikiria kazi ya chanjo naona ni swali hilo hilo. Mtoto wako akichanjwa, ameikinga nyumba yako, na amemkinga pia kichanga wa jirani ambaye umri wake wa kuchanjwa surua haujafika. Asipochanjwa, ugonjwa unapata pa kupumzika kabla haujaenda kwa mwingine. Ndui ilikwisha kwa sababu alitafutwa mpaka yule wa mwisho, akawekewa uzio wa watu waliochanjwa.

Kesho asubuhi, kabla hujaanza kazi, toa kadi ya kliniki uiangalie. Surua na rubela ni miezi 9, halafu tena miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo wengi mnaisahau, mtoto ameshakimbia, mnadhani kliniki imekwisha. Haijaisha. Kama umechelewa, nenda hivyo hivyo, usione aibu. Na kama una kitu umemfunga mtoto shingoni kwa imani yako, nenda nacho. Ukikutana na nesi mkali kama nilivyokuwa mimi, mwambie kwa upole, "Nimekuja kuchanja." Usitoke mpaka mtoto achanjwe.

Na wewe nesi mwenzangu unayesoma, umenielewa.

Wenye bibi na babu nyumbani, waombeni wawaonyeshe bega. Kama kuna kovu la zamani, waulize lilitokana na nini. Huenda ni la kifua kikuu, huenda ni la ndui. Halafu waulize kama wanakumbuka mtu aliyekuwa na mashimo usoni. Kaa chini usikilize, na uwaite watoto nao wasikilize.

Tukutane Ijumaa, sehemu ya 7. Nawabusu watoto wote.

Nesi wenu.