Shamash: Mungu wa Jua au Mungu Jua?

Katika kikabari, maandishi ya kale ya Mesopotamia, jina la Shamash aghalabu huandikwa kwa alama mbili. Ya kwanza humjulisha msomaji kuwa anayetajwa ni mungu. Ya pili ni alama ya jua, ambayo ni ya siku pia. Ukiondoa ile ya kwanza, unabaki na jua tu, hili la kuanikia nguo.

Tafsiri iliyozoeleka ni “mungu wa jua”, kwa herufi ndogo, maana yupo kati ya miungu wengi: babake ni Sin, mwezi, dadake ni Ishtar. Tatizo ni kile kiunganishi “wa”. Kinamfanya Shamash aonekane msimamizi wa jua, ilhali kwa Wababeli na Waashuri lile duara linalochomoza ndilo yeye mwenyewe. Kwa hiyo “Mungu Jua” inakaribia zaidi, na upatanisho wake uwe wa mtu: jua linachomoza, Shamash anachomoza. Jina lenyewe lina undugu na “shams” ya Kiarabu, iliyowapa watu wa pwani majina Shamsi na Shamsa.

Mihuri ya kale humchonga akiwa na miali mabegani na msumeno mkononi, akijitokeza katikati ya milima huku watumishi wakimfungulia malango. Kwa kuwa anapita juu ya kila nyumba na kuona yote, alifanywa hakimu. Mfanyabiashara aliyepunja kwenye mizani alijua nani anamtazama.

Kwenye nguzo ya sheria ya mfalme Hammurabi, jiwe jeusi la mita 2.25 lililopo Louvre, Paris, Shamash ameketi na kumkabidhi mfalme huyo fimbo na pete. Mahekalu yake makuu, katika miji ya Sippar na Larsa, yote yaliitwa Ebabbar, nyumba ing’aayo.

Ashuru nako Shamash hakuwa wa kuangaza tu. Katika karne ya 7 kabla ya Kristo, mfalme Esarhaddon alimpelekea maswali ya utawala: je, ofisa huyu ataniasi? Jibu lilisomwa kwenye matumbo ya kondoo, hasa ini, na kila swali lilianza kwa kumwita Shamash kwa jina na kumwomba ajibu waziwazi.