Kariakoo na Bagamoyo: Njia ya Wapagazi

Mume na mke wakaao Kariakoo, watakapo kuadhimisha siku ya ndoa yao pasipo gharama kubwa, huweza kuondoka asubuhi, wakavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, wakashika njia ya kaskazini, na baada ya kilomita 70 hivi wakafika Bagamoyo. Jioni huwa wamekwisha rudi kwao. Safari hiyo huhesabiwa kuwa ya mapumziko tu. Walakini historia yaonyesha ya kuwa wametoka mahali pa wapagazi wakaenda mahali pengine pa wapagazi. Na jambo waliadhimishalo, yaani kukaa pamoja, lilikuwa adimu katika pande zote mbili.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Unyamwezi. Mwendo wa kufika Ujiji uliweza kuchukua miezi mitatu au zaidi, na kila mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 hadi 70: pembe za ndovu kuja pwani, nguo, shanga na waya kurudi bara. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na baadhi yao walifuatana na wake zao, waliobeba vyungu na chakula. Kwa watu hao, husemwa, jina la mji lilikuwa na maana ya kubwaga mzigo wa moyo.

Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wengine hulifasiri jina hilo kuwa ni kuuacha moyo pwani. Mtumwa hakuweza kuoa pasipo idhini ya bwana wake, na kuuzwa kuliweza kuwatenga mume na mke wakati wowote. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868, waliwalea watoto waliokombolewa, na walipokua wakawaozesha, wakawapa nyumba na shamba. Ndoa hizo zilikuwa na amani, bali hazikuwa na uhuru kamili, maana mapadre ndio waliotawala kijiji.

Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamisha makao makuu ya serikali yao kwenda Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Waingereza walipoutwaa mji huo mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi mahali ambapo jina lake likawa Kariakoo. Wengi wa wapagazi hao walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa katika vita ile, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wake zao hawakufuatana nao kama katika misafara ya zamani. Walibaki vijijini wakingoja, na wengi hawakupata hata kaburi la kuzuru.

Kwa hiyo isidhaniwe ya kuwa miaka ikisonga mbele hali ya wanadamu nayo husonga mbele. Mpagazi wa mwaka 1870 aliweza kutembea pamoja na mkewe. Yule wa mwaka 1917 hakuweza. Tofauti yao haikuwa uzito wa mzigo, bali hiari. Mume na mke wapandao gari leo kwenda Bagamoyo na kurudi pamoja jioni, wanayo hiari hiyo, nayo yastahili kuadhimishwa.