Ufa wa Majira: Habari ya Maganda ya Risasi ya India

Zamani za utawala wa Waingereza huko India, akiba za risasi zilizowekwa wakati wa mvua za kusi zilionekana na maganda yaliyopasuka, ingawa hayakupata kupigwa wala kuanguka. Maganda hayo ni ya shaba ya manjano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Waingereza wakauita ugonjwa huo ufa wa majira. Jina zuri, lakini lasema nusu tu ya jambo.

Mwaka 1921 Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza nusu ya pili. Risasi ziliwekwa mazizini. Mkojo wa farasi ulitoa amonia, nayo pamoja na unyevu ikaila shaba. Lakini haikuila sawasawa. Shaba, kama madini mengine, ni chembe nyingi zilizoshikamana mfano wa mawe ya ukuta, na amonia ilipenya kwenye maungio, kama chokaa iliwapo na mawe yakabaki mazima. Tena ganda lilikuwa na mkazo wake wa ndani, uliosalia tangu lilipovutwa na kubanwa kiwandani, na mkazo huo ndio ulioupanua ufa. Pasipo mkazo, amonia peke yake isingalilipasua.

Dawa yake ilikuwa kulipasha ganda moto wa kadiri ili mkazo ulegee. Baka la moto wa namna hiyo huonekana hata leo shingoni mwa maganda ya majeshi kadhaa.